Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru

Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru (unajulikana pia kwa kifupisho ULUS) ulikuwa mradi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza nchini Tanganyika uliolenga kuzuia mmomonyoko wa udongo katika milima ya Uluguru, Morogoro. Ulianza mwaka 1950 ukasimamishwa mwaka 1955 baada ya ghasia za wakulima Waluguru waliopinga kuchimba matuta kwa lazima. Mpango huo hutajwa katika historia ya harakati za uhuru wa Tanganyika. Pia ni mfano unaofaa katika somo la motisha ya kazi, kwa sababu matuta yaliyokataliwa kwa amri yalichimbwa kwa hiari mahali penye faida.

Mazingira

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki na inainuka hadi zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mto Ruvu, unaopeleka maji Dar es Salaam, unapata sehemu kubwa ya maji yake huko. Mto Ngerengere nao unatoka katika milima hiyo.

Waluguru hulima kwenye miteremko mikali. Kwa desturi wao hufuata ukoo wa mama, na ardhi ni mali ya ukoo. Asiye na ardhi ya kutosha huweza kuazima shamba kwa ukoo mwingine kwa masharti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia maofisa wa serikali walihofia kwamba kilimo cha milimani na uchomaji wa mashamba vingeharibu vyanzo vya maji na kuleta mafuriko na mchanga mabondeni.

Utekelezaji

Kanuni za mpango zilizuia kuchoma moto mashamba na kulima kwenye kingo za mito na kwenye miteremko mikali mno. Jambo lililowagusa watu zaidi lilikuwa matuta ya ngazi: kila mlipa kodi alitakiwa kuchimba kiasi kilichopangwa, na aliyekaidi aliweza kushtakiwa katika baraza na kutozwa faini. Usimamizi ulipitia utawala wa wenyeji, yaani sultani na viongozi waliokuwa chini yake. Hivyo viongozi hao walibebeshwa kazi ya kuwasukuma jamaa zao.

Sababu za upinzani

Upinzani haukuwa na chanzo kimoja:

- Mavuno. Sehemu nyingi za milima zina tabaka jembamba la udongo wenye rutuba. Kuchimba ngazi kulifukia udongo huo na kuutoa juu udongo wa chini usio na rutuba. Bila mbolea mahindi yalidumaa, na Waluguru hawakuwa na ng'ombe wa kutosha kupata samadi.
- Nguvu kazi. Kuchimba matuta kulikula siku ambazo familia ilizihitaji kwa kilimo cha chakula.
- Haki ya ardhi. Aliyelima shamba la kuazima hakuwa na hakika kwamba yeye ndiye atakayefaidi jasho lake. Wenye ardhi nao walihofia kwamba kazi ya kudumu ingempa mwazimaji dai juu ya shamba. Baadhi waliogopa kwamba serikali ilikusudia kuwanyang'anya ardhi.
- Njia za wenyeji. Waluguru walikuwa na desturi ya kupanga magugu na mabaki ya mimea kwa mistari ya kukata mteremko na kuyafunika kwa udongo. Njia hiyo ilihitaji kazi ndogo zaidi na haikufukia rutuba.

Ghasia za 1955

Mwezi Julai 1955 hasira zililipuka Matombo, upande wa mashariki wa milima. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja aliuawa. Baada ya hapo serikali iliacha kulazimisha matuta. Chama cha TANU, kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kilipata nguvu kutokana na manung'uniko hayo. Upinzani wa namna hiyo ulitokea pia kwingine, kwa mfano Usambara na, nchini Kenya, Murang'a, ambako wanawake waliandamana dhidi ya kazi ya matuta miaka ya 1947 na 1948.

Mgeta na malipo ya baadaye

Katika eneo la Mgeta, upande wa magharibi wa milima, matuta ya ngazi yaliendelea kutumika hata baada ya amri kuondolewa. Wakulima wa huko walipanda mboga za kuuza mjini Morogoro na Dar es Salaam. Mboga zilihitaji maji na mbolea, na bei yake ililipa kazi ya kuchimba.

Zaidi ya miaka 50 baada ya mpango kuanza, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine katika kata ya Kibungo Juu. Wakulima waliokubali kuhifadhi udongo kwa matuta, fanya juu, nyasi na miti walilipwa kulingana na eneo na aina ya kazi. Fedha zilitoka kwa watumiaji wa maji ya Ruvu, wakiwemo DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza.

Nafasi katika mjadala wa motisha

Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu kuhusu ardhi na siasa za Waluguru. Mwaka huohuo Mmarekani Douglas McGregor alieleza kwamba msimamizi anayeamini kuwa watu ni wavivu kwa asili hutumia amri na adhabu, ilhali anayeamini kuwa wanaweza kujituma hutafuta namna ya kuunganisha haja zao na lengo la kazi.

Nadharia nyingine hugawa wafanyakazi kwa aina za haiba, zikifuata kwa sehemu mawazo ya Carl Jung ya mwaka 1921, na kushauri kila aina ihimizwe kwa njia yake. Wakosoaji husema watu hawagawanyiki kwa urahisi katika aina chache, na kwamba mazingira ya kazi huweza kuwa na uzito kuliko tabia. Mfano wa Uluguru unaelekea upande huo. Watu wa Matombo na Mgeta ni Waluguru wote. Kilichotofautiana zaidi ni zao, soko na faida. Hata hivyo unaunga mkono wazo moja la nadharia za haiba: amri moja kwa wote, bila kujali mwenye ardhi na mwazimaji, haiwafikii watu wote kwa namna moja.

Tazama pia

- Milima ya Uluguru
- Waluguru
- Mto Ruvu
- TANU