Gari Dogo na Uwanda wa Makonde: Historia ya Mfano, Mchezo na Mkusanyo

Gari la kusubu ni mfano mdogo wa gari halisi, unaotengenezwa kwa kusukuma madini yaliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma kwa shinikizo kubwa, hadi yakajaza kila pembe na kuganda kwa umbo lile lile mara elfu na maelfu. Kila mfano una kipimo chake, yaani uwiano uliopo baina yake na gari lenyewe: kwa kipimo cha 1:43, Chevrolet Bel Air ya 1957, ambayo urefu wake unapita mita 5 kidogo, hushuka hadi sentimita 12 hivi, na kwa kipimo cha 1:64 hutosha kufichwa kiganjani. Wapenzi wa magari ya kale ya Marekani hukusanya mifano hii kwa bidii kubwa, na historia ya mkusanyo huo, ingawa chimbuko lake ni viwandani ughaibuni, inasaidia kuelewa yaliyotokea Masasi na Newala, kwenye Uwanda wa Makonde na jirani yake kusini mwa Tanzania, ambako gari la Marekani lilifika, likaigwa, lakini mfano wake haukuwekwa kabatini.

Ufundi wenyewe ulitokana na uchapaji. Katika maonyesho ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893, ndugu wa familia ya Dowst waliiona mashine ya kusubu herufi za chapa, wakatambua kwamba mashine iwezayo kumimina herufi yaweza pia kumimina vifaa vidogo vya kila aina. Katika muongo wa 1910 kampuni yao, ambayo bidhaa zake baadaye zilijulikana kwa jina la Tootsietoy, ilikuwa ikiuza mfano wa Ford Model T, gari ambalo kati ya 1908 na 1927 lilitengenezwa kwa idadi inayozidi milioni 15. Mifano ya awali ilikuwa ya risasi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilienea zamaki, aloi ya zinki, alumini, magnesi na shaba, ambayo ni nyepesi na imara zaidi, ila ikichanganyika na risasi hata kidogo hufanya nyufa na kumomonyoka baada ya miaka, ugonjwa ambao wakusanyaji wa mifano ya miaka ya 1930 wanaujua vyema.

Uwanda wa Makonde ulikutana na mkusanyaji kabla haujakutana na gari. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa vimetikisa kusini mwaka uliotangulia, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alitoka Lindi pamoja na wapagazi wake, akapita Masasi na kukaa Newala, akikusanya vinyago, vyombo na zana, akinasa nyimbo kwenye silinda za nta na kupiga picha za sinema. Michezo ya watoto haikumpita: aliandika habari za pia, yaani kichezeo kinachozungushwa juu ya ncha yake, na habari za mironjo, zile fimbo ndefu ambazo mchezaji husimama juu yake akatembea. Alichokipeleka Leipzig, basi, ni picha ya uwanda ambao mizigo yake ilikuwa bado ikipita vichwani na mabegani mwa watu.

Magurudumu yalikuja na Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika kampeni ya Afrika Mashariki jeshi la Waingereza lilitumia magari mepesi ya Ford Model T, kwa kuwa ndorobo waliwaua farasi na nyumbu, na kampeni hiyo iliufikia uwanda wenyewe Novemba 1917, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipopitia Newala kabla ya kuvuka Ruvuma. Kwa hiyo gari ambalo mtoto wa Chicago alilisukuma sakafuni ndilo lililokuwa likibeba risasi na wagonjwa katika vita hivyo. Miaka 30 baadaye, mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanzishwa mwaka 1947, ambao Nachingwea, jirani ya Masasi, lilikuwa mojawapo ya maeneo yake matatu, ulitumia matrekta yaliyobaki kwenye maghala ya jeshi la Marekani, pamoja na mitambo iliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman; mpango ulivunjwa mwaka 1951.

Watoto waliokulia kando ya barabara hizo waliyasoma magari kwa macho na kuyaandika kwa waya. Gari la waya hutengenezwa kwa kukunja nyaya kuwa fremu, kukata magurudumu kutoka kwenye ndala zilizochakaa au vifuniko vya makopo, na kuunganisha usukani mrefu unaomwezesha mtoto kuliendesha huku akitembea wima. Fundi hana kalibu wala kipimo cha maandishi; hukuza kile anachokistahi, kama vile bodi la lori la mizigo, na kuacha kile kisichomhusu, hivyo hakuna magari mawili yanayofanana kabisa.

Hapo ndipo tofauti inapokaa. Mkusanyaji wa magari ya kusubu huthamini ulinganifu, rangi isiyokwaruzwa na boksi la asili, yaani huthamini kichezeo ambacho hakikuchezewa, na thamani hupanda kadiri wenzake wengi walivyoharibika. Gari la waya hupata thamani yake njiani: huendeshwa, hupinda, hukunjuliwa, na waya wake huingia katika gari lingine. Vinyago vya mpingo vya Wamakonde vilifuata njia ya tatu, kwani tangu miaka ya 1950, kwa soko la Dar es Salaam, mikono ya uwandani na ya ng'ambo ya Ruvuma ilichonga vitu vilivyokusudiwa tangu mwanzo kwa rafu za watu wa mbali. Historia ya Masasi na Newala, kwa hiyo, imetunzwa makumbushoni kwa upande wa kabla ya gurudumu, na kwa upande wa vinyago vilivyouzwa; ile sehemu ambayo gurudumu lilibadili macho ya watoto imehifadhiwa kwa namna isiyohitaji kabati, kwa kuwa kila mtoto anayejifunza kukunja waya kutoka kwa mkubwa wake hulitengeneza upya gari ambalo hakuna aliyeliweka.