Kutoka Köln hadi Unguja: Historia ya Saketi Sahili ya Umeme na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna uhusiano wa msingi wa saketi ya umeme ulivyogunduliwa, ulivyotiliwa shaka na hatimaye ulivyokubaliwa kati ya mwaka 1800 na 1881. Inadai kwamba kilichochelewesha elimu hiyo si ugumu wa maumbile pekee, bali pia kukosekana kwa dhana zilizotenganishwa barabara na vipimo vilivyokubaliwa na wote. Mwishoni inahusisha funzo hilo na usanifishaji wa istilahi za Kiswahili katika nchi jirani.

1. Utangulizi

Mwenye nyumba akisema "leo umeme ni mdogo", jirani yake humwelewa mara moja. Hata hivyo, kauli hiyo haibainishi kilichopungua: ni volteji, yaani msukumo unaoendesha chaji, au ni mkondo, yaani kiasi cha chaji kinachopita katika waya kwa kila sekunde? Mkanganyiko huo haukuanzia kwetu. Wataalamu wa Ulaya waliishi nao kwa miongo kadhaa, na historia ya kuutatua ndiyo historia ya saketi yenyewe.

2. Kutoka kwa Volta hadi kwa Ohm

Mwaka 1800 Alessandro Volta aliiarifu Royal Society ya London kuhusu mnara wake wa visahani vya metali mbili, vilivyotenganishwa kwa vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Kabla ya hapo umeme uliozalishwa kwa msuguano ulitoka kwa cheche na kutoweka. Sasa ulitiririka mfululizo, mradi tu njia yake ifungwe bila kukatika. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Copenhagen alionyesha kwamba waya wenye mkondo hupotosha sindano ya dira. Ugunduzi huo uliwapa watafiti jicho la kuutazama mkondo bila kuugusa.

Georg Simon Ohm, mwana wa fundi wa makufuli, alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule moja ya Köln. Majaribio yake ya mwaka 1825 yalimpotosha, kwa sababu betri za wakati huo zilidhoofika zikiwa bado zinatumika. Mwaka uliofuata aliacha betri hizo na kutumia jozi ya bismuthi na shaba, kiungo kimoja kikiwa katika maji yanayochemka na kingine katika barafu. Chanzo kilipotulia, kanuni ilijitokeza: mkondo hulingana na nguvu ya chanzo ikigawanywa kwa jumla ya ukinzani wa waya na ukinzani wa sehemu nyingine zote za saketi.

Sehemu hiyo ya pili mara nyingi husahaulika madarasani. Tuchukulie betri ya volti 1.5 yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.5, iliyounganishwa na balbu ya omu 4.5. Jumla ni omu 5, na mkondo ni ampea 0.3. Betri ikichakaa, ukinzani wake wa ndani ukafika omu 3, mkondo hushuka hadi ampea 0.2 hata kama nguvu ya chanzo haijabadilika. Balbu hufifia, na kosa si lake.

Ohm alichapisha kitabu chake mwaka 1827. Simulizi maarufu hudai kwamba kilikataliwa na wote, lakini hiyo ni chumvi: Gustav Fechner wa Leipzig alikitumia mapema. Hata hivyo, wako waliodharau utaratibu wake wa kihisabati, naye hakupata cheo alichokitarajia. Royal Society ilimtunukia Medali ya Copley mwaka 1841, na uprofesa kamili wa München aliupata mwaka 1852, miaka miwili kabla ya kifo chake.

3. Gharama ya kutopima

Mwaka 1858 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari ya Atlantiki. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, zenye maneno 98, zilichukua takriban saa 16. William Thomson alikuwa ameshaonya kwamba waya mrefu chini ya maji huchelewesha ishara, na kwamba dawa yake ni waya mnene na chombo chepesi cha kuhisi mkondo mdogo. Wildman Whitehouse, aliyesimamia umeme wa mradi huo, alishikilia msukumo mkubwa na kutumia volteji inayokadiriwa kufikia 2,000. Waya, ambao tayari ulikuwa na kasoro za utengenezaji, ulikufa baada ya takriban wiki tatu.

Uchunguzi uliofuata ulidhihirisha kwamba mafundi hawakuwa na lugha moja ya vipimo. Mwaka 1861 British Association iliunda kamati ya kuweka kipimo sanifu cha ukinzani. Waya wa kudumu ulifanikiwa mwaka 1866, na mkutano wa kimataifa wa Paris wa mwaka 1881 ukaidhinisha omu, volti na ampea.

4. Unguja, 1879

Elimu hiyo ilifika pwani yetu kwa njia ya bahari. Mwaka 1879, zama za Sultani Barghash, waya kutoka Aden uliunganisha Unguja na kuendelea kusini hadi Durban. Kanuni ya Ohm ilikuwa tayari ikifanya kazi Unguja kabla haijafundishwa kwa Kiswahili popote. Mwaka huohuo James Clerk Maxwell alichapisha maandishi ya Henry Cavendish, ambaye takriban karne moja kabla alikuwa ameukaribia uhusiano uleule kwa kulinganisha mishtuko aliyoihisi mwilini mwake. Elimu isiyotangazwa ilikuwa imelala kabatini.

5. Hitimisho

Funzo kwa washauri wa sera ni la wazi. Istilahi haikamiliki kwa kutungwa. Hukamilika inapofungamanishwa na kipimo. Orodha inayotaja mkondo, volteji na ukinzani bila kuonyesha kila kimoja kinapimwaje itaturudisha kwenye "umeme mdogo". Tofauti hizo zina uzito nyumbani pia. Vifaa vya nyumbani huunganishwa sambamba, hivyo kila kinachoongezwa huongeza mkondo katika waya mkuu. Anayebadili fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya mnene huondoa mlinzi, na nyumba ikaungua.

Tunapendekeza nchi jirani zikubaliane juu ya orodha moja fupi ya istilahi za saketi, kila istilahi ikiwa na fasili, kipimo na jaribio la darasani, na orodha hiyo ijaribiwe na walimu kabla ya kuidhinishwa. Kanuni hii iligunduliwa na mwalimu wa shule. Walimu wasiachwe nyuma katika kuipa lugha.