Maziwa ya Nyayo yaliisha, ahadi hazikuisha

Muulize mtu yeyote aliyesoma praimari miaka ya themanini, Likoni ama Changamwe, kuhusu maziwa ya Nyayo. Uso wote unabadilika. Atakueleza ile pakiti ya pembetatu mpaka utamani na wewe.

Moi aliyatangaza 1979, akiwa bado mgeni Ikulu. Maziwa ya bure kwa watoto wa praimari, nchi nzima. Miaka ya tisini yakafa, manake gharama ilikuwa kubwa na ufisadi nao haukulala. Lakini mimi naona serikali ilijifunza kitu pale: ahadi tamu ni ile yenye kitu cha kugawa.

Zikafuata zingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. 2012 ikaja sheria ya kuongeza vitamini na madini kwenye unga wa pakiti. Mwaka huohuo mataifa, Kenya ikiwemo, yakakubaliana kupunguza udumavu, yani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake.

Na tusiwe wachoyo wa sifa, hapa kazi imefanyika. 2014, watoto 26 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. 2022 wakashuka hadi 18. (Chuo niliacha, lakini ripoti nasoma.) Tatizo ni kwamba hiyo 18 ni ya nchi nzima. Toka Shanzu, vuka daraja la Mtwapa, uko Kilifi, na Kilifi ilikuwa 37, ya juu kuliko kaunti zote Kenya. Matatu moja tu kutoka Kisauni!

Sasa kuna ile ahadi nyingine ambayo haitajwi. Mwaka 2013, kule Geneva, nchi zilikubali kwamba kufikia 2025 unene kupita kiasi na kisukari visiongezeke tena. Visiongezeke, basi. Ripoti zilezile zinasemaje? 2014, wanawake 33 kwa 100 walikuwa na uzito uliozidi. 2022 ikawa 45. Umri haukuhesabiwa sawasawa mara zote mbili, lakini mwelekeo hata kipofu anauona.

Na msiniambie ni ulafi. Mama anatoka Likoni alfajiri awahi feri, anarudi usiku amechoka. Njiani kuna nini? Viazi karai, chips, mahamri, soda baridi. Vinashibisha, viko tayari, na bei anaiweza. Samaki tunamuona akishushwa hapahapa pwani halafu anatupita akienda hotelini. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama aliyezidi uzito, wote wawili wanakula vibaya kwa sababu ileile ya mfuko.

Njaa unaipigia picha ukigawa unga. Unene hauna pakiti ya kugawa. Hapo inabidi umguse mwenye kiwanda cha soda na mwenye mafuta ya kukaangia, umwambie punguza, na huyo mwenye kiwanda ana simu ya mtu.

Mwaka 2025 wenyewe ulifika. Sijaona waziri akiita wanahabari kwa ajili ya hiyo moja.