Oksidi ya nitrasi ya viwandani: Brazil na China

Oksidi ya nitrasi (N2O) ya viwandani ni ile inayotoka kwenye mitambo ya kemikali, tofauti na inayofuka udongoni baada ya mbolea kutiwa. Kati ya shughuli za binadamu duniani kote, mashamba ndiyo yanayoongoza kwa kuitoa gesi hii. Ya kiwandani, hata hivyo, hutoka kwenye bomba linalojulikana lilipo, na bomba hilo linaweza kufungwa mtambo wa kuiteketeza. Kwa hiyo tofauti kati ya nchi na nchi hutokana zaidi na maamuzi ya watu kuliko hali ya hewa au udongo. Brazil na China, ambazo chini ya Itifaki ya Kyoto zote zilihesabiwa kuwa nchi zinazoendelea, ni mfano mzuri wa jambo hilo.

Gesi yenyewe ni ileile wanayoitumia madaktari wa meno kutuliza maumivu. Ikishapanda angani hudumu kwa zaidi ya miaka 100, na ndani ya kipindi kama hicho kilo moja hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za kabonidioksidi. Isitoshe, huharibu tabaka la ozoni. Viwandani huzaliwa bila kukusudiwa, hasa katika utengenezaji wa asidi mbili. Ya kwanza ni asidi ya nitriki, inayopatikana kwa kuchoma amonia juu ya wavu wa platini na rodi. Kila tani ya asidi huacha kati ya kilo 5 na 9 za N2O ikiwa hakuna kizuizi. Mbolea ya CAN ambayo wakulima wa Kenya na Tanzania hukuzia mahindi hutokana na asidi hii, ilhali urea haiihitaji kabisa. Ya pili ni asidi ya adipiki, malighafi ya naironi 6,6. Hapa kila tani huacha takriban kilo 300.

Pengo hilo ndilo kiini cha ulinganisho wote. Kiwanda cha tani 100,000 za asidi ya nitriki kwa mwaka, kwa kiwango cha kilo 7, hutoa tani 700 za N2O. Kiwanda cha adipiki chenye uzalishaji huohuo hutoa tani 30,000, yaani sawa na zaidi ya tani milioni 8 za kabonidioksidi. Anayetaka kujua hali ya nchi aanze kwa kuuliza ina viwanda vingapi vya adipiki.

Brazil ilikuwa na kimoja, cha kampuni ya Rhodia, huko Paulínia katika jimbo la São Paulo. Mwaka 2005 mradi wa kuteketeza gesi yake ulisajiliwa chini ya Mfumo wa Maendeleo Safi (CDM), ambao uliziruhusu nchi tajiri kununua vyeti vya upunguzaji kutoka nchi zinazoendelea. Matokeo yake yanaonekana hata kwenye hesabu ya taifa: N2O ya adipiki, iliyozidi tani 20,000 mwaka 2005, ilikuwa chini ya tani 1,000 mwaka 2010. Ni nadra mtambo mmoja kubadilisha takwimu za nchi nzima kiasi hicho.

China nayo iliingia kwenye mfumo huo kwa viwanda viwili, kimoja Liaoyang mkoani Liaoning na kingine Pingdingshan mkoani Henan. Lakini kanuni ya CDM kuhusu adipiki ilikubali mitambo iliyokuwapo hadi mwisho wa 2004 tu. Nia ilikuwa njema: kuzuia watu wasijenge viwanda ili wapate gesi ya kuuzia vyeti. Kumbe miaka iliyofuata ndiyo China ilipojenga kwa kasi, ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na viwanda hivyo vipya havikuwa na malipo ya kuviwezesha kuteketeza gesi wala sharti la kuvilazimisha. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo njia za nchi hizi mbili zilipoachana.

Malipo yenyewe yalikuwa na dosari. Kuteketeza gesi hii ni rahisi sana ukilinganisha na bei ya vyeti ya wakati ule. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Mazingira ya Stockholm walionyesha kwamba wakati wa mdororo wa uchumi wa 2008 na 2009, viwanda vyenye mradi viliendelea kuzalisha kwa wingi, huku vingine vilivyokuwa vikiteketeza gesi yao bila kulipwa vikipunguza kazi. Sehemu ya upunguzaji ulionunuliwa ilikuwa ya karatasi tu. Umoja wa Ulaya ukavikataa vyeti vya adipiki kuanzia 2013.

Kwa asidi ya nitriki tofauti ni ndogo zaidi. Nchi zote mbili ziliweka vichocheo vya kuivunja N2O chini ya wavu wa platini kupitia CDM, na Brazil ilifanya hivyo hata Cubatão, mji wa viwanda karibu na bandari ya Santos.

Novemba 2023, katika tamko la Sunnylands, China na Marekani zilieleza nia ya kushirikiana katika kudhibiti N2O.