Habari za Herufi Nene Zisizo na Vikia

Kila mwalimu ajua ya kuwa herufi iliwekwa ili isomwe. Basi ni vema tutazame asili ya zile herufi nene zisizo na vikia, zionekanazo juu ya mbao za maduka na za njia kutoka Iringa hata Mbeya, na katika vichwa vya magazeti.

Herufi tulizozizoea vitabuni zina vikia vidogo nchani, na mistari yake hukonda na kunenepa. Mwaka 1816 William Caslon wa nne, msubu herufi wa London, alionyesha katika kitabu chake cha mifano herufi kubwa zisizo na vikia. Baadaye herufi za namna hiyo zikapendwa sana kwa matangazo, kwa kuwa huonekana kwa mbali.

Mjerumani Paul Renner akaenda mbele zaidi. Alizitengeneza herufi zake kwa kufuata duara, pembetatu na mraba, kana kwamba zimechorwa kwa bikari na rula. Kiwanda cha Bauer cha Frankfurt kilizitoa mwaka 1927, zikaitwa Futura, yaani mambo yajayo. Wakati ule vitabu vingi vya Ujerumani vilikuwa vikipigwa chapa kwa herufi za kale zenye mistari iliyovunjika-vunjika, ambazo wamisionari waliofika Unyakyusa mwaka 1891 walizijua tangu utoto wao. Mwaka 1933 Renner alikamatwa na serikali ya Nazi, akaondolewa katika shule ya wapiga chapa ya München. Lakini herufi zake zilienea ulimwenguni. Hata kibao cha chuma kilichoachwa mwezini na wasafiri wa Apollo 11 mwaka 1969 kiliandikwa kwa hizo.

Tuandike jina Mbeya kwa herufi hizo. M imetanua miguu. B ni duara na fimbo. E ni duara lililokatwa kwa mstari. Y ni mistari miwili iliyonyoka. A ni duara tena, na fimbo fupi ubavuni. Walakini ukipima utaona kwamba duara hizo si kamili. Pale duara ligusapo fimbo, mstari umekondeshwa, maana usipokondeshwa weusi hurundikana na wino hujaa pembeni. Kadiri herufi inavyonenepa, ndivyo haja hiyo inavyozidi. Basi bikari yenyewe hapana budi ilitii jicho.

Hata hivyo iko hatari. Herufi a na o zafanana mno. Nimemsikia mtoto wa darasa la kwanza, aliyeketi nyuma, akisoma "koo" mahali palipoandikwa "kaa". Na katika Kiswahili irabu moja ikigeuka, neno zima limegeuka. Tena andika Ilula, mji ulio katika njia ya Iringa kwenda Morogoro: I na l ni fimbo mbili tu, moja ikiipita nyingine kwa kimo kidogo. Mgeni asiyelijua jina hilo atalisomaje?

Kwa hiyo, ndugu waalimu, herufi hizi zafaa sana kwa vichwa vya habari, mabango na mbao za njia, palipo na maneno machache makubwa. Kwa kitabu cha mtoto anayeanza kusoma, tuchague herufi ambazo kila moja ina sura yake. Na mtoto akikosea, tusifanye haraka kumkemea. Kwanza tuitazame herufi tuliyomwekea.