Paka wa Nyumba Yetu ya Chang'ombe

Nyumba tuliyokaa Chang'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na ua wa mchanga. Katika kona ya ua ule, chini ya mpapai, paka wetu alikuwa akifukua, akimaliza haja yake na kufukia vizuri, wala hakuna aliyemfundisha. Baba alimwita Sunda kwa mapenzi yake kwa timu ya Sunderland. Timu ilipobadili jina mwaka 1971 ikawa Simba, paka alibaki Sunda. Siku za mechi, kelele za Uwanja wa Taifa zilipovuma hadi kwetu, alijificha uvunguni mwa kitanda cha Bibi.

Mwaka 1974 Baba alipata fedha kidogo, ua ukapigwa sakafu ya saruji. Mpapai ulikatwa. Sote tulifurahi, maana matope ya masika yalikuwa yamekwisha. Kwa siku chache Sunda alitumia karai la mchanga alioubakiza fundi. Mchanga ule ulipomalizika, akahamia kwenye jivu la jikoni, kisha kwenye kitanda cha wageni. Halafu akaanza kurusha mkojo kwenye kuta na kwenye makochi mapya, ambayo tayari alikuwa ameyachana kwa kucha.

Alipigwa. Alisuguliwa pua katika uchafu wake, kama ilivyokuwa desturi, akalazwa na njaa. Faida ya adhabu zile ilikuwa moja tu: alijifunza kutuogopa, akawa anakwenda haja mahali tusipopaona mpaka harufu itueleze.

Siku hizi najua kwamba kosa lile lilikuwa na historia ndefu kuliko nyumba yetu. Wataalamu wa vinasaba walionyesha mwaka 2007 kwamba paka wa nyumbani wametokana na paka pori wa Mashariki ya Karibu, mnyama wa nchi kavu ambaye ndugu zake wamo hata katika nyika zetu. Kisiwani Kupro limefukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa karibu na paka yapata miaka 9,500 iliyopita. Nafaka ilimleta panya, panya akamleta paka. Huku pwani nako, mifupa ya panya weusi wenye asili ya Asia imepatikana Unguja Ukuu, bandari ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na penye panya na majahazi, paka hakosekani. Lamu hadi leo inajulikana kwa paka wake. Hata Waganda, walio mbali na bahari, humwita kkapa, jina ambalo sikio la Mswahili halihitaji kufasiriwa.

Basi mnyama huyu aliingia nyumbani kwa kazi ya panya, akaja na tabia zake zote. Kufukia kwenye udongo laini ni tabia hiyo. Dume kurusha mkojo ni kuwatangazia madume wengine mipaka yake. Dawa yake ni kumhasi mapema, kabla hajazoea; akihasiwa, wengi huacha. Nasi tulikuwa watu wa kuhasi mbuzi na ng'ombe, lakini paka hakuna aliyemfikiria!

Kukwaruza makochi nako kuna maana: paka huvua ganda la zamani la kucha, tena huacha harufu yake kutoka kwenye nyayo. Kinachotakiwa ni kumpa kitu kingine imara cha kukwaruza, kama kigogo kilichozungushiwa kamba ya katani. Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwa miche iliyotoka Florida kupitia Hamburg, na baadaye Tanganyika ikaongoza duniani kwa zao hilo. Nje, watu hununua vigogo vya namna hiyo dukani kwa ajili ya paka wao. Kwetu kamba ya katani ilikuwa imetundikwa ukutani, ikifungia mizigo.

Nayo ndiyo iliyofunga gunia. Asubuhi moja Baba alimtia Sunda ndani, akampakia kwenye baiskeli na kumwacha Mtoni. Siku ya nne alirudi, amekonda, anachechemea. Bibi alimpa maziwa, akasema bila kumtazama mtu, "Paka wa nyumba haingwa." Kisha akamkumbusha Baba habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua.

"Mama, nyumba inanuka," Baba alijibu.

Mara ya pili alikwenda naye Feri, akavuka kwa kivuko hadi Kigamboni. Daraja halikuwapo, lilifunguliwa mwaka 2016, na kwa nchi kavu ni kuzunguka mbali sana. Bibi hakugombana na mwanawe. Aliendelea tu kuweka kichwa cha samaki kwenye kisahani mlangoni kila jioni, karibu mwezi mzima, na asubuhi alikiondoa yeye mwenyewe kabla hatujaamka.

Karai la fundi lilikuwa limeegemezwa ukutani wakati wote huo, tupu. Mchanga ulikuwa nje ya lango, barabara nzima.