Zamu ya Usiku: Habari za Wauguzi wa Hospitali Zetu

Katika mwaka wa Jubilei hutajwa majina ya waliojenga makanisa na kufungua shule, nasi twafanya vema kuwakumbuka. Walakini wako watumishi ambao kazi yao haionekani, kwa kuwa huifanya wakati sisi tumelala. Hao ndio wauguzi wa zamu ya usiku. Huwasifu kwa ushujaa wao kila mtu aliyepata kulazwa hospitali. Lakini habari za zamani zatufundisha ya kuwa ushujaa peke yake haukuwalinda. Kilichowalinda ni mpango mwema, na watu wa kutosha.

Florence Nightingale, mwanamke wa Uingereza, alifika Scutari katika nchi ya Uturuki tarehe 4 Novemba 1854, pamoja na wauguzi 38, ili kuwatunza askari wa vita vya Krimea. Watu wengi hukumbuka taa yake, maana alizoea kupita usiku kati ya vitanda. Ni wachache waijuao amri yake, ya kuwa wauguzi wake wasikae wodini baada ya saa mbili usiku, na kazi ya usiku ifanywe na askari watumishi. Amri hiyo ililinda heshima na usalama wao. Tena katika kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotoka mwaka 1859, alifundisha ya kuwa mwuguzi mwema hupanga kazi yake hata iendelee vilevile akiwa hayupo.

Usiku una hatari zake. Mchana wodi ina mkuu wa wauguzi, madaktari, wafagiaji na wanafunzi. Usiku pengine hubaki mtu mmoja au wawili kwa wagonjwa wengi. Mgonjwa wa homa kali huweweseka na kutaka kushuka kitandani. Mwingine anatokwa na damu. Na hapo hapo mama ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mwuguzi aliye peke yake hufanya haraka, na katika haraka ndipo sindano humchoma yeye mwenyewe. Karibu na alfajiri macho huwa mazito, na hesabu ya dawa huweza kukosewa. Pengine huja mlevi na kelele zake, wala hakuna wa kumzuia. Wahenga walisema, Mkono mmoja haulei mwana. Seuze wodi nzima!

Habari iliyo karibu nasi ni ile ya hospitali ya Lacor, karibu na Gulu, kaskazini ya Uganda. Wamisionari wa Comboni waliianzisha mwaka 1959. Baadaye, siku za vita vya waasi wa Joseph Kony, maelfu ya watu, hasa wanawake na watoto, walikuja kila jioni kulala ndani ya ua wake, kwa hofu ya kutekwa. Wauguzi waliendelea na zamu zao katikati ya msongamano huo.

Mwezi wa Oktoba 2000 ugonjwa mgeni uliwaua watu wa Gulu, na wanafunzi wa uuguzi wa Lacor walikuwa miongoni mwao. Daktari Matthew Lukwiya, msimamizi wa hospitali, alikuwa Kampala masomoni. Akarudi upesi, akazisoma kwa makini habari za wagonjwa waliokufa, akatambua hatari. Akafungua wodi ya peke yake, akawapa wauguzi waliojitolea mavazi ya kinga. Ugonjwa huo ulikuwa Ebola.

Hata hivyo, wauguzi wenyewe waliendelea kuugua na kufa. Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba mwuguzi mgonjwa alitokwa na damu nyingi, na daktari akaamshwa usingizini. Alivaa glavu, aproni na barakoa, lakini hakuvaa kifuniko cha macho. Yadhaniwa kwamba hapo ndipo alipoambukizwa. Siku chache baadaye wauguzi walikusanyika kwa huzuni na hasira, wakitaka kuacha kazi. Akawaendea, akasema nao kwa upole, nao wakarudi wodini. Tarehe 5 Desemba 2000 akafa. Wafanyakazi zaidi ya 10 wa Lacor walikufa katika ugonjwa huo, na katika Uganda yote waliugua watu 425, wakafa 224.

Tusiwahukumu wauguzi wale kuwa waoga. Waliona wenzao wakizikwa, na waliobaki wakafanya kazi ya wengi. Aliyechoka husahau kuvaa, hata awe na elimu nyingi namna gani.

Mataifa yamekwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Mkataba namba 149 juu ya wauguzi, na pamoja nao pendekezo ya kuwa kazi ya siku isizidi saa 12, hata pamoja na saa za ziada, na kati ya zamu mbili pawe na mapumziko ya saa 12. Walakini saa haziwezi kupunguzwa pasipo watu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa, kwa hesabu ya mwaka 2018, dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa katika nchi zisizo na mali nyingi.

Basi, ndugu, tufanye nini? Walimu wawaonyeshe vijana, wa kiume na wa kike, ya kuwa uuguzi ni kazi ya akili na heshima. Wazee waketio katika kamati za hospitali waulize, pamoja na hesabu ya fedha, Usiku wa jana walikuwako wauguzi wangapi, na wagonjwa wangapi? Je, glavu zilitosha? Mlinzi alikuwako? Taa ya njia iliwaka? Nasi tuendao kuwatazama wagonjwa wetu tutii saa zilizowekwa, wala tusimtukane mwuguzi aliyechelewa kufika kitandani pa ndugu yetu. Huenda yuko peke yake, na kitanda cha jirani kimemwita kwanza.